Nyota Tano za Mke wa Mtu

"Zima! Zima hiyo draya, inatoa moshi!"

Mteja aliruka kutoka kwenye kiti, taulo likining'inia shingoni. Msusi alichomoa waya ukutani, akafungua dirisha na kuanza kupepea kwa gazeti. Saluni nzima ilinuka nywele zilizoungua. Ni saluni ndogo, viti viwili na kioo kimoja kirefu, kwa hiyo harufu haikuwa na pa kujificha.

"Pole dada yangu, pole sana. Imekupata?"

"Imenipata kisogoni. Hivi hii mashine uliitoa wapi?"

"Nimeagiza mtandaoni wiki iliyopita. Nilisoma maoni ya waliokwisha kununua. Kuna mwanamke aliisifia mpaka nikamwona ndugu yangu."

Kwenye kiti cha pili alikaa Kidomo, shoga yake Msusi, naye msusi, waliyechangia naye kodi ya saluni. Jina hilo alipewa kwa sababu siri ikiingia sikioni mwake haimalizi dakika kabla haijatokea mdomoni. Alikuwa ameshaishika simu.

"Mwanamke gani? Mtaje tumchambe hapa hapa."

"Anajiita Mke wa Mtu."

"Jina lenyewe sumu! Haya, nimempata. 'Draya nzuri, haina kelele, mume wangu kaninunulia. Nyota tano.' Muongo huyu hana hata haya. Kumbe kanunua duka zima? Pasi, nyota tano. Mashuka, nyota tano. Birika la umeme, nyota tano, na picha kaweka…"

Kidomo alinyamaza. Sasa, Kidomo kunyamaza katikati ya sentensi si jambo la kawaida. Msusi aligeuka kumtazama.

"Nini?"

"Shoga, acha hicho kichwa uje uone mkono huu."

Kwenye picha kulikuwa na jiko zuri. Pazia za maua ya njano, kabati jeupe, meza ya kioo, na juu ya meza birika linalong'aa. Pembeni, mkono wa mwanaume umeshika kikombe. Kidole gumba kilikuwa kimepinda, kama kidole kilichowahi kubanwa na mlango wa gari. Kwenye kifundo cha mkono kulikuwa na saa, na mkanda wa ile saa ulikuwa umeshonwa kwa uzi wa zambarau wa kusukia nywele.

Uzi ule Msusi aliushona mwenyewe, kwa sindano yake, siku mkanda ulipokatika.

"Mume wangu," alisema.

"Na mimi ndivyo nilivyoona. Sikutaka kusema."

"Wewe hukutaka kusema?"

"Nilitaka useme wewe kwanza."

Msusi aliichukua simu, akaikuza picha mpaka kidole gumba kikajaa kioo chote. Halafu akafungua picha ya mashuka. Kitanda kipana, mito minne, na juu ya kiti kando ya kitanda limetupwa koti la bluu la kazi. Mfuko wa koti ulikuwa na doa la wino. Doa lile amelifua mpaka mikono ikachubuka.

Wivu ulimpanda. Alikaa chini, mtu ambaye kutwa nzima hakai.

"Mimi napikia koridoni," alisema. "Miaka minne ya ndoa napikia koridoni, sufuria nikiliacha majirani wanaliruka. Mwenzangu ana meza ya kioo!"

"Na pazia za maua."

"Nimeziona, Kidomo!"

"Basi mpigie sasa hivi umuulize."

"Ndiyo, nampigia."

"Hapana, ngoja, nimeghairi. Usimpigie. Mwanaume ukimuuliza kabla hujapata ushahidi anageuka wakili. Huyu mwanamke ndiye wa kuulizwa. Ona hapa, pana kitufe: Muulize mnunuzi. Tutumie akaunti yangu, yako anaweza kuijua."

Mteja mwenye kisogo cha kuungua alisahau maumivu yake, akavuta kiti karibu. Wote watatu wakainamia simu.

*Habari dada. Hilo birika ni zuri kweli au unatuvutia tu?*

Jibu lilikuja kabla hawajavuta pumzi vizuri.

*Zuri dada yangu. Linachemka haraka sana. Mume wangu ananichemshia chai asubuhi kabla sijaamka.*

"Kabla hajaamka!" Msusi alifoka. "Kumbe ndiyo maana anatoka nyumbani alfajiri! Anasema anawahi mizigo! Mwandikie, muulize mumewe anafanya kazi gani."

*Hongera dada, una bahati. Shemeji anafanya kazi gani?*

*Anafungasha mizigo ghalani. Kazi ngumu lakini hanuni. Asubuhi akinyoa ndevu anaimba, hata sauti hana, lakini anaimba.*

Kidomo alimtazama shoga yake. Msusi alikuwa amefumba macho. Mume wake anafungasha mizigo kwenye ghala la duka la mtandaoni, na kila asubuhi anaponyoa ndevu anaimba vibaya mno. Msusi huwa anamwambia anyamaze.

"Huyu hamwambii anyamaze," alisema taratibu. "Huyu anamsifia."

*

Jioni mume alirudi, akavua viatu mlangoni, akakaa kwenye mkeka. Ni mtu mpole, wa maneno machache, yule mtu ambaye ukimkanyaga yeye ndiye anaomba radhi. Na upole huo, jioni ile, ulimchefua mkewe kuliko matusi.

"Umeshindaje, mke wangu?"

"Salama."

"Wateja?"

"Wapo."

"Mbona umenuna?"

"Leo umekunywa chai?"

"Nimekunywa."

"Wapi?"

"Kazini."

"Kwenye kikombe gani?"

"Kikombe… cha kawaida. Mama, kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nauliza tu. Mke haruhusiwi kuuliza kikombe?"

Mume alimtazama. Macho yakashuka mpaka kwenye miguu yake, iliyovimba kwa kusimama tangu asubuhi. Alinyoosha mkono.

"Miguu inauma?"

Msusi aliivuta miguu, akaifunika kwa khanga.

"Miguu yangu inakuhusu nini wewe? Kula ulale."

Mkono wa mume ulibaki hewani kidogo, ukarudi mapajani kwake. Msusi alimgeuzia mgongo, huku moyoni akisema, huyo, hata hajitetei, kashiba huko alikotoka.

*

Siku iliyofuata saluni iligeuka ofisi ya upelelezi. Kidomo alikuwa akisuka kwa mkono mmoja na kuandika kwa mwingine, na mteja wake alitoka na mistari iliyopinda. Mke wa Mtu alijibu kila kitu. Mume wake hapendi kelele. Mume wake analala upande wa ukutani. Mume wake akiumwa hasemi, mpaka umguse paji la uso.

"Ila jana usiku hakujibu hata moja," Kidomo alisema. "Kwa nini?"

"Kwa sababu usiku mume yuko kwangu. Mwanamke huyo analala na machozi yake."

"Na mchana wewe ndiye unalala na yako."

"Kidomo, nitakumwagia maji ya shampuu."

Baadaye wateja walipopungua, Msusi aliichukua simu mwenyewe. Aliandika, akafuta, akaandika tena.

*Dada, samahani kwa swali. Mumeo anakupenda?*

Safari hii jibu lilichelewa. Kidomo alifagia chumba chote, akafagia tena. Ndipo simu ikalia.

*Ananipenda sana. Hajui kusema tu. Mimi kazi yangu ni ya kusimama kutwa, narudi miguu imevimba. Anatamani kunikanda, lakini anaogopa nitamsukuma. Basi ananitazama tu mpaka nalala.*

Msusi alisoma mara mbili. Kisha akapiga kelele iliyofika mpaka duka la jirani.

"Anasimama kutwa! Kidomo, ni msusi mwenzetu! Mwanaume huyu ametoka kwa msusi akaenda kwa msusi! Kama alichoka na wasusi si angetafuta hata mwalimu?"

"Labda ni yule wa saluni ya ghorofani. Yule mwenye kucha."

"Atajuta kuzaliwa."

Alimpigia shangazi yake, aliyemlea tangu mdogo, akaweka sauti wazi ili Kidomo naye asikie.

"Shangazi, narudi nyumbani. Ndoa imenishinda."

"Umemfumania?"

"Nimefumania mkono."

"Mkono?"

"Mkono wake, shangazi. Uko jikoni kwa mwanamke."

"Na mwili uliobaki ulikuwa wapi?"

"Shangazi, sitanii!"

"Hata mimi sitanii. Nakujua wewe, wivu wako ukiona moshi unaita moto. Nenda kamwone mtu mzima, kuanzia kichwa mpaka miguu. Ukimkuta na mwanamke, njoo, chumba chako kipo. Usiniletee mabegi kwa ajili ya kidole gumba."

Msusi alikata simu. Asubuhi ile alikuwa ameshafunga begi moja, akaliacha chini ya kitanda. Alivua aproni yake, akajifunga mtandio kiunoni.

"Unaenda wapi?" Kidomo aliuliza.

"Ghalani kwao. Nitakaa getini. Akitoka kwenda huko jikoni kwake, namfuata nyuma. Nipe simu yako."

"Simu yangu? Na mimi nitajuaje yanayotokea?"

"Utayasikia hapa. Nitapiga kelele za kutosha."

*

Ghala lilikuwa jengo refu la mabati, malori yakiingia na kutoka. Mlinzi wa getini, mzee mchangamfu mwenye kofia iliyompwaya, alimtambua.

"Shemeji! Karibu. Umemfuata bwana?"

"Yupo, au ametoka?"

"Yupo. Atakuwa jikoni."

Msusi alikaza mtandio kiunoni.

"Jikoni? Ghala lina jiko?"

"Lipo kule nyuma, zuri kweli. Siku hizi bwana wako hafungashi sana, kutwa yuko kule na Mke wa Mtu." Mlinzi alicheka mpaka kofia ikamziba macho.

"Kwa hiyo hapa wote mnajua?"

"Nani hamjui Mke wa Mtu, shemeji? Bila yeye hapa tusingeuza hata sindano."

Hakumsubiri amalize. Alipita kati ya maboksi yaliyopangwa mpaka darini, wafungashaji wakimpisha kwa sura aliyokuwa nayo. Njiani aliandika kwenye simu ya Kidomo, *Dada uko wapi sasa hivi?*

Jibu likaingia akiwa anakata kona ya mwisho.

*Niko jikoni dada, namsubiri mume wangu.*

Akaliona. Pazia za maua ya njano, kabati jeupe, meza ya kioo. Lakini lilikuwa na kuta tatu tu, za mbao nyembamba zilizoegemezwa kwa magogo, bila dari na bila bomba. Upande wa nyuma wa ukuta uliandikwa kwa chaki, *juu*. Hatua chache kando kulikuwa na kile kitanda kipana, nacho kikiwa na ukuta mmoja wa kuazima. Taa kubwa mbili zilimulika. Na kwenye meza ya kioo, peke yake, alikaa mume wake akiwa ameinamia simu.

"Yuko wapi?"

Mume aliruka. "Mke wangu! Umefikaje huku?"

"Nakuuliza yuko wapi!"

"Nani?"

"Mke wa Mtu!"

Alivuta pazia, nyuma yake palikuwa mbao. Akafungua kabati, lilikuwa tupu. Akainama chini ya meza ambayo, kwa kuwa ni ya kioo, haikuwa na haja ya kuinamiwa. Kisha akaandika kwa hasira, akibonyeza kila herufi kama anaichoma.

*Toka ulipojificha. Mimi ndiye mke wa huyo mume wako.*

Alituma. Na simu iliyokuwa mkononi mwa mumewe ikalia.

Mume aliisoma. Akainua macho, akamwona mkewe, akaiona simu aliyoshika. Uso ulimbadilika.

"Ni wewe uliyekuwa unaniuliza?"

"Nakuuliza wewe? Mimi namuuliza yeye!"

"Mke wangu, kaa."

"Sikai kwenye kiti cha mwanamke mwingine."

"Hakuna mwanamke mwingine. Mke wa Mtu ni mimi."

Wafungashaji waliokuwa wamejisogeza kusikiliza walijifanya wanafunga maboksi. Hakuna boksi lililofungwa.

"Rudia."

"Ni mimi. Meneja alisema bidhaa zisizo na maoni haziuziki, tukae tuandike wenyewe. Tujifanye wanawake, eti mwanamke mwenye mume ndiye anayeaminika. Wenzangu waliandika 'bidhaa nzuri, asanteni', yakaonekana ya uongo. Mimi yangu yakaaminika. Nikapewa hii kazi."

"Na picha?"

"Zinapigwa hapa hapa. Mkono walitaka uonekane wa mume. Wa kwangu ndio uliokuwa karibu."

"Na kuimba ukinyoa ndevu? Na kulala ukutani?"

Mume aliinama.

"Niliambiwa niandike kama mtu mwenye nyumba yake. Mimi nyumba ninayoijua ni moja."

Msusi alitaka kucheka, alitaka kulia, na alitaka kumpiga na birika. Alikaa kwenye kiti alichosema hatakaa.

"Na ile ya miguu?" sauti yake ilishuka. "Meneja ndiye aliyekwambia uandike kwamba mume anatamani kumkanda mkewe, anaogopa kusukumwa?"

"Hapana."

"Hiyo nayo inauza birika?"

"Hapana. Nilidhani anayeniuliza ni mtu nisiyemjua. Mtu usiyemjua hakusukumi."

Msusi aliukumbuka mkono wa jana uliobaki hewani, na mingine mingi kabla ya ule. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa ncha ya mtandio, yakatoka tena.

"Bado nina wivu," alisema.

"Na nani tena? Nimekwambia hayupo!"

"Na huyo huyo asiyekuwepo. Miaka minne sijasikia hata nusu ya maneno uliyompa yeye. Mtu hana mwili, hana hata miguu, lakini ameambiwa anapendwa! Yale maneno ni yangu. Nirudishie."

"Hapa? Mbele za watu?"

"Yeye ulimwambia mbele ya wateja wote wa mtandaoni."

Mume aliwatazama wenzake, akamtazama mkewe, akasema kwa sauti ya mtu anayevuka barabara kwa mara ya kwanza.

"Nakupenda. Nakupenda hata ukiniambia ninyamaze. Natoka alfajiri ili nirudi kabla hujalala, siyo kwa sababu nawahi mizigo."

Mfungashaji mmoja alianza kupiga makofi, mwenzake akamkanyaga mguu.

"Na lingine," Msusi alisema, akipangusa pua. "Yule mwanamke wako amemuunguza mteja wangu kisogo. Ile draya ya nyota tano, mimi nimeinunua."

"Umeinunua wewe?"

"Nilimwamini. Nilimwona mwanamke mwenzangu, mke mwenzangu wa mtu."

Mume alishika kichwa. "Mimi ile draya sikuwahi hata kuiwasha. Niliiona ikiwa kwenye boksi."

Meneja aliingia wakati huo huo, kalamu sikioni, akaona watu wamesimama.

"Kuna sherehe hapa? Pasi mpya zimeingia, Mke wa Mtu, nataka maoni kumi kabla ya jioni."

Mume alichukua simu, akaandika huku akisoma kwa sauti.

"'Draya hii imeunguza nywele za mtu. Msinunue, na mlionunua msiitumie. Nilipoisifu sikuwahi kuiwasha. Nyota moja.'"

"Ukituma hiyo, kazi huna," Meneja alisema.

Msusi alimtazama mumewe. Kwa mara ya kwanza siku ile aliogopa kwa ajili yake, siyo kwa sababu yake. Chumba walichoishi kilikuwa kinalipwa kwa mishahara miwili. Angeweza kumwambia aache. Alifumba mdomo.

Mume akatuma. Kisha akavua koti la bluu, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya meza ya kioo.

*

Nje ya geti walikaa juu ya kreti tupu, wakisubiri gari. Jua lilikuwa bado kali. Simu ya Kidomo ilikuwa imeshapigwa mara kadhaa kutoka namba ya duka la jirani, Kidomo akitafuta habari, na Msusi hakupokea.

"Nimepoteza kazi," mume alisema.

"Nimeona."

"Umekasirika?"

"Kidogo. Utanisaidia saluni mpaka upate nyingine. Utaosha vichwa. Wateja wangu wanapenda mtu asiye na maneno mengi."

Lori moja lilipita na kuwarushia vumbi. Msusi alikuwa akijizuia kuuliza, na mwenye wivu akijizuia huwa hajizuii muda mrefu.

"Niambie ukweli."

"Nimeshakwambia wote."

"Umebaki mmoja. Huyo mwanamke. Asiyekunyamazisha ukiimba, anayejua unatamani kumkanda. Ungempata kweli, ana mwili na kila kitu, ungemuoa?"

Mume alimgeukia, akamtazama kama anavyomtazama jioni, mpaka anapolala.

"Nilishamuoa."

Msusi alivua viatu vyake, kimoja baada ya kingine, akanyanyua miguu yake iliyovimba na kuiweka mapajani kwa mumewe, hapo hapo barabarani, mlinzi akiwatazama.

"Polepole basi," alisema. "Wa kushoto ndio unaouma zaidi."